Mlimani: Deni Lina Pande Mbili

Msimu wa wanafunzi umewadia tena. Katika miezi hii ya Oktoba na Novemba, kila mtu apitaye stendi kuu ya mabasi ya Mbezi, jijini Dar es Salaam, huwaona: vijana wa kike na wa kiume washukao kutoka Kigoma, Bukoba, Songea na Mtwara, huyu na begi kubwa begani, huyu na godoro lililokunjwa na kufungwa kamba, huyu na ndoo yenye mfuniko ambayo mama yake ameijaza unga na karanga. Wauliza njia ya Mlimani. Wengine hawajapata kuliona jiji hili hata siku moja. Wengine ndio wa kwanza katika ukoo wao wote kukanyaga kizingiti cha chuo kikuu, na nyumbani wameacha wazazi waliouza mbuzi au gunia la mahindi ili nauli ipatikane.

Sisi twawakaribisha kwa moyo mkunjufu. Lakini gazeti la Chama haliwezi kuishia katika kukaribisha tu, kwa maana kukaribisha ni jambo la siku moja, na elimu ya kijana huyu ni ya miaka mitatu au minne, na matunda yake, yakiwa matamu au machungu, yataliwa na taifa kwa miaka arobaini. Yafaa basi, mwaka mpya wa masomo unapoanza, tusemezane kwa uwazi: yeye anayeingia Mlimani adaiwa nini, na sisi tunaomdai, je, nasi hatudaiwi?

Tuanze na asili ya jambo. Chuo hiki hakikuzaliwa mlimani. Kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, siku 45 kabla ya Uhuru wa Tanganyika, katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wa sheria, nao hawakufika hata 15. Nchi ilikuwa na wanasheria Waafrika wa kuhesabika kwa vidole, nayo ilikuwa karibu kujitawala. Chama kikaona ni heri ofisi zake zikose nafasi kuliko nchi kukosa wasomi wake yenyewe. Hapo mwanzo kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Mwaka 1964 kikahamia katika kilima kile kilichokipa jina lake la mitaani. Na tarehe 1 Julai 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mwalimu Julius Nyerere akiwa Mkuu wake.

Hatuyasemi haya kwa kujisifu, wala kwa kudai kwamba chuo ni mali ya Chama. La hasha. Chuo ni mali ya wananchi wote, wenye kadi na wasio na kadi. Twayasema ili mwanafunzi wa leo, akiyaona majengo marefu na bustani za Mlimani, asidhani kwamba yaliota yenyewe kama uyoga. Kabla ya yeye kupata chumba, kuna watu waliotoa chumba chao.

Mwalimu aliwahi kulifananisha jambo hili na kijiji chenye njaa. Wanakijiji humkusanyia kijana mmoja chakula chote kilichobaki, ili apate nguvu ya kwenda mbali kuwatafutia wenzake. Akila na kwenda zake, asirudi na kitu, huyo ni msaliti. Mfano huo ulitolewa katika miaka ya mwanzo ya Uhuru, lakini haujachakaa. Chakula cha leo ni mkopo utolewao na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Vijana huziita fedha hizo za kujikimu “bumu”. Jina hilo linachekesha, lakini mfuko wenyewe si wa mchezo. Ndani yake mna kodi ya mfanyakazi inayokatwa kabla hajauona mshahara wake, na kodi ya mama lishe anunuapo sabuni ya kuoshea vyombo vyake. Mama huyo hakupita hata kidato cha kwanza, naye amlipia mwenziwe shahada.

Historia ya Mlimani yenyewe yatufundisha kwamba deni hili liliwahi kukanwa. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo hicho na wa vyuo vingine waliandamana hadi Ikulu kuipinga sheria iliyowataka wahitimu waende katika Jeshi la Kujenga Taifa. Walilalamikia makambi, wakalalamikia na kukatwa mishahara yao katika muda wa utumishi huo, na likaonekana hata bango lililodai kwamba afadhali ukoloni. Mwalimu aliwasikiliza, kisha akawarudisha makwao, zaidi ya 300 kati yao. Lakini hakuishia hapo. Kwa kuwa walikuwa wameitaja mishahara mikubwa ya viongozi, akatangaza kukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Aliwaadhibu vijana, na papo hapo akakubali kwamba katika maneno yao lilikuwamo neno moja la haki. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha, na wengi wa vijana wale wakarudi masomoni mwaka huohuo.

Leo mambo yamegeuka. Jeshi la Kujenga Taifa lilirudisha mafunzo kwa mujibu wa sheria mwaka 2013, na sasa vijana wanaomaliza kidato cha sita huitwa makambini kabla hata ya kuingia chuoni. Wengi wa hao tunaowaona stendi ya Mbezi wamekwisha kushika jembe, wamekwisha kukimbia mchakamchaka alfajiri, wamekwisha kulala katika hanga moja na mtoto wa tajiri na mtoto wa mchungaji wa ng'ombe. Walilolikataa babu zao wa mwaka 1966, wao wamelifanya bila maandamano. Wale wazee wapendao kusema kwamba vijana wa siku hizi hawana moyo wa taifa, na walitie jambo hili katika mizani yao.

Wala tusidhani kwamba katika historia ya Mlimani kila sauti ya wanafunzi ilikuwa ya ubinafsi. Kulikuwa na desturi iliyoletwa kutoka vyuo vya Uingereza: siku moja kwa mwaka wanafunzi walivaa matambara, wakazunguka mjini wakichekesha watu na kukusanya fedha za hisani. Novemba 1968 wanafunzi wenzao waliipinga desturi hiyo. Walisema kwamba katika nchi ambayo mkulima huvaa matambara kwa kukosa nguo, msomi hana haki ya kuyavaa kwa mchezo. Hakuna waziri aliyewatuma, waliliona wenyewe. Na tarehe 5 Machi 1978 wanafunzi waliandamana tena, safari hii wakipinga nyongeza ya marupurupu ya wabunge na mawaziri. Nao walifukuzwa. Gazeti la Chama likilikumbuka la mwaka 1966 na kulisahau la mwaka 1978, litakuwa limesoma nusu ya kitabu. Wale wa kwanza waliandamana kwa ajili ya mishahara yao ya kesho. Hawa wa pili waliandamana kwa ajili ya jasho la wavuja jasho. Kosa si kusema. Swali ni hili: unasema kwa ajili ya nani?

Kwa hiyo twamwambia mwanafunzi mpya: deni lako halianzi kulipwa siku utakapopata kazi. Laanza kulipwa wiki hii ya kwanza. Lalipwa kwa namna unavyosema na mzee afagiaye chini ya miti ile, na mama akuuziaye chai na maandazi. Yeye ni mama yako. Mwamkie shikamoo kama unavyomwamkia aliyekuzaa. Lalipwa kwa saa unazokaa katika vimbweta na katika maktaba. Maktaba mpya ya Mlimani, iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa Novemba 2018, ina nafasi ya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Kiti kinachokaa kitupu humo wakati mwenye nafasi amelala ni kama shamba la kijiji lililoachwa na mwitu. Na lalipwa kwa namna unavyoitumia fedha ya kujikimu. Tumesikia habari za vijana wanaopokea fedha ya miezi miwili na kuimaliza kwa wiki mbili, kwa viatu, kwa simu kubwa kuliko ya jirani, na kwa karamu za usiku, kisha wakaanza kukopa chakula kwa mama lishe yuleyule ambaye ndiye aliyewakopesha mara ya kwanza bila kujua. Mwenye njaa ya kweli twamhurumia. Mwenye njaa ya kujitakia twamwonya.

Kwa wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu tuna neno zito zaidi. Mgeni hujifunza desturi za nyumba kwa wenyeji. Kwa miaka mingi Mlimani palikuwa na kikundi cha siri kilichojiita Punch, kilichokuwa kikibandika ukutani michoro na maneno ya kuwadhalilisha wenzao, hasa wasichana. Wako waliokiita mzaha wa wasomi. Februari 1990 msichana mmoja aliyekuwa ameandamwa na watu hao alijiua. Hapo ndipo wote walipofahamu kwamba haukuwa mzaha hata kidogo. Kuta zile zimekwisha kusafishwa siku nyingi. Lakini siku hizi kila kijana ana ukuta wake mfukoni, katika simu, na picha moja ya kumfedhehesha msichana mgeni huenea bweni zima kabla chai haijapoa. Twawaambia wazi: msomi amfedheheshaye dada yake hana tofauti na mhuni wa kichochoroni, isipokuwa kwamba mhuni hakusomeshwa kwa kodi ya wananchi. Na uongozi wa chuo ukiletewa lalamiko la msichana katika wiki hizi, na usilifungie katika faili. Usiseme kwamba ni mambo ya vijana. Hata yale ya mwaka 1990 yaliitwa mambo ya vijana.

Sasa tugeukie upande wa pili wa deni, maana ni rahisi mno kumhubiria mdaiwa na kumsahau mdai.

Mlimani kuna neno ambalo kila mwanafunzi alijua, nalo ni “kubebana”. Mwenye kitanda humbeba mwenziwe asiye na kitanda: wawili hulala katika godoro lililopimwa kwa mtu mmoja, mmoja kichwa huku na mwingine kichwa kule. Katika neno hilo kuna utu mwingi. Hakuna aliyewafundisha vijana hawa darasani. Ni ujamaa waliotoka nao nyumbani, ambako watoto watano hulala katika jamvi moja na hakuna anayehesabu. Twawapongeza. Lakini utu wa vijana usiwe pazia la kufunikia upungufu wetu. Kijana aliyelala nusu usiku huku mgongo wake uko nje ya kitanda hawezi kulielewa somo la hesabu saa mbili asubuhi kama mwenziwe aliyelala vema. Kubebana ni dawa ya wiki moja, si mpango wa serikali.

Kwamba jambo hili lawezekana, hilo tumekwisha kuliona kwa macho. Tarehe 15 Aprili 2017 Rais John Magufuli alifungua mabweni mapya ya Mlimani: majengo 20, nafasi za wanafunzi 3,840, kwa gharama ya shilingi bilioni 10. Nchi ikaona kwamba jambo likiamuliwa hufanyika. Lakini vijana wanaoingia vyuoni huongezeka, na kitanda kilichotosha mwaka ule hakitoshi mwaka huu. Wakati majengo mengine yakingojewa, twapendekeza vitanda vilivyopo vigawanywe kwa haki: watangulie wenye ulemavu, watangulie wa mwaka wa kwanza watokao mikoani wasio na ndugu mjini, na hasa wasichana wao. Mtoto ambaye baba yake ana nyumba jijini humu hana sababu ya kulala bwenini huku mtoto wa Kasulu akizunguka mitaani na ndoo yake. Na mwenye kupata kitanda kisha akakiuza kwa mwenziwe kwa faida, huyo ajue kwamba biashara hiyo ina jina moja tu, nalo ni unyonyaji.

Jambo la pili ni fedha ya kujikimu. Kuchelewa kwa fedha hiyo kwa wiki mbili si kitu kwa mtoto wa mwenye nacho. Atapiga simu nyumbani. Kwa mtoto wa mkulima ni njaa, na kwa msichana asiye na mtu mjini ni mtego, kwa maana hawakosekani watu wazima wenye magari wanaoijua vema tarehe ya kuchelewa kwa fedha hizo, nao huja kuegesha karibu na mabweni. Kila wiki ya kuchelewa ni silaha tunayowapa watu hao. Yafaa basi fedha ya mwanzo iwe imefika kabla mwanafunzi hajapanda basi. Karani ambaye jalada la kijana mmoja limekaa mezani pake kwa sababu ya herufi moja ya jina iliyokosewa, na alitazame jalada hilo kama mtu aliyesimama mlangoni na njaa. Hatusemi haya kumlaumu mtu. Twayasema kwa kuwa kazi ya ofisi yoyote ya wananchi ni kuwahi, na huduma iliyochelewa mara nyingi ni sawa na huduma iliyonyimwa.

Jambo la tatu latuhusu sisi sote wafanyakazi. Wengi wanaolisoma gazeti hili ni wahitimu, na kila mwisho wa mwezi hukatwa asilimia 15 ya mshahara wao kulipia mkopo waliosomea, kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2016. Twajua kwamba makato hayo yanauma. Ilipofutwa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, mwaka 2021, wengi tulishukuru. Lakini yuko pia mhitimu ajifichaye: amepata kazi nzuri kwa mwajiri asiyepeleka majina, au amefungua biashara yake, naye asema moyoni kwamba serikali haimwoni. Serikali huenda haimwoni, lakini yule kijana wa stendi ya Mbezi anamwona, kwa maana anayekosa mkopo ni yeye. Kutolipa ni kuvunja daraja ukiisha kuvuka. Mfanyakazi mwanachama amjuaye mwenziwe wa namna hiyo na amshauri kwa udugu, na kama yeye mwenyewe ndiye, aanze na nafsi yake.

Mwisho twasema na matawi ya Chama yaliyo jirani na Mlimani, ya Ubungo, Msewe, Changanyikeni, Makongo na Sinza. Wanafunzi wasiopata bweni huja mitaani kwenu kutafuta vyumba. Huko wengi hukutana na mwenye nyumba adaiye kodi ya miezi sita, au ya mwaka mzima, ilipwe mbele. Mwana wa mkulima ataitoa wapi? Wenye nyumba wengi ni wanachama wenzetu. Tawi likikaa na wanachama wake jioni moja tu, likakubaliana kwamba mwanafunzi atalipa mwezi kwa mwezi, au kwa kadiri fedha yake inavyoingia, litakuwa limefanya kazi kubwa kuliko mikutano kumi ya shangwe. Balozi na ayajue majina ya wanafunzi wanaokaa katika nyumba zake. Wakiumwa, awe na habari. Wakisumbuliwa usiku, wawe na mlango wa kugonga.

Mwaka 1961 Chama kilitoa jengo lake ili wanafunzi wale wachache wapate mahali pa kusomea. Leo hatuambiwi tutoe jengo. Twaombwa kupunguza kodi ya chumba kimoja, kusukuma jalada moja, kulipa mkopo wetu wenyewe, na kuwalinda binti za wenzetu kama tunavyopenda wa kwetu walindwe. Tukiyafanya hayo, ndipo tutakuwa na uso wa kumwambia kijana, siku atakapovaa joho lake: sasa, mwanangu, ni zamu yako. Tusipoyafanya, naye akatuuliza sisi tulimtunzaje, tutamjibu nini?

Karibuni Mlimani, vijana wetu. Someni kwa bidii, msemezane kwa heshima, mkumbuke mlikotoka. Nasi wenyeji wenu, tuanze kazi leo.